Siku Kipima Mwendo Kilipotudanganya

Mama yangu alikuwa hajawahi kupanda hata treni, na daktari alikuwa ananiambia kwamba atapanda ndege.

Alikuwa amevunjika nyonga. Siku nne kabla ya hapo alitoka Mwese kuja kwangu Mpanda mjini, amekaa nyuma ya pikipiki na kuku wawili mapajani, na kwenye mteremko wenye tope pikipiki ikalala. Dereva aliamka na michubuko. Kuku walikimbilia porini. Mama hakuamka. Watu waliokuwa wanakwenda shambani walikata miti, wakatengeneza machela kwa khanga zake mwenyewe, wakambeba kwa miguu mpaka mahali ambapo gari lingeweza kufika. Picha za hospitali zilionyesha mfupa umekatika vibaya. Mtaalamu wa operesheni ile alikuwa Mwanza, na daktari alisema kwa umri wake, kwa barabara zile na mvua zile, yeye hathubutu kumpakia kwenye gari.

"Kuna ndege ndogo ya wagonjwa," aliniambia. "Kesho mchana inaweza kuwa hapa. Wewe utakwenda naye, na nesi mmoja."

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Nimefundisha sekondari kwa miaka kumi na sita, na kila mwaka, kidato cha pili, nafundisha presha: ya maji, ya hewa, ya msumari kwenye ubao. Nayasema haya mapema kwa sababu ndiyo yanayoniumiza mpaka leo.

Ndege ilitua kesho yake saa saba mchana. Ilikuwa nyeupe, ya injini moja, mabawa yake yakiwa juu ya madirisha, na viti vyake vya nyuma vilikuwa vimeng'olewa ili machela iingie. Tuliambiwa tutaondoka saa tisa. Saa nane nikatangulia uwanjani na begi la mama na blanketi lake. Askari wa uwanja alinisindikiza mpaka kwenye ndege, akaniambia nisubiri pale chini ya bawa, rubani yuko ofisini anaandikisha karatasi. Kisha simu yake ikaita, akasogea pembeni kuongea.

Nikabaki peke yangu na ile ndege. Sikuwahi kusimama karibu na ndege namna ile. Niliizunguka kama mtu anavyozunguka gari jipya la jirani. Chini ya bawa la kushoto niliona kitu kama kidole cha chuma, kimeelekea mbele, kimevalishwa soksi nyekundu. Kwenye soksi ulining'inia utepe mwekundu wenye maandishi meupe ya Kiingereza, yakisema kitu hiki kitolewe kabla ya kuruka.

Nilisoma mara mbili. Nikatazama saa. Tulikuwa tunaruka baada ya saa moja.

Mimi ni mtu wa kufuata maandishi. Kwenye mitihani nawaambia wanafunzi wangu kila mara: soma maelekezo, fanya yanavyosema. Nilidhani rubani amesahau, au kwamba kazi hiyo ni ya yeyote aliye karibu. Nikavuta. Kile kifuniko kilitoka kwa urahisi, kama unamvua mtoto soksi. Nikakikunja vizuri mara nne, nikakiweka kwenye mfuko wa mlango wa rubani uliokuwa wazi, ambamo niliona vitambaa vingine vyekundu vya namna hiyohiyo. Nikajisikia nimesaidia. Sikumwambia mtu, kwa sababu sikuona kama kuna cha kusema.

Dakika ishirini baadaye wingu jeusi lilipanda upande wa kaskazini, njia yetu ya Mwanza. Rubani alitoka ofisini, mwanamume wa makamo, mfupi, nywele zimeanza mvi masikioni, na Kiswahili chake kilikuwa cha Kisukuma kabisa, cha taratibu. Alilitazama lile wingu kama mtu anayemtazama mgeni asiyemtaka.

"Hapana, mwalimu," aliniambia. "Leo hatuendi. Nikipita pale katikati na mgonjwa wa mfupa, atanilaani mpaka Mwanza. Kesho asubuhi, saa moja."

Mvua yenyewe haikunyesha uwanjani. Ilipita pembeni, jua likatoka tena, likawaka mpaka jioni. Nilirudi hospitali kumwambia mama. Kile kifuniko kilikuwa kimeshanitoka akilini.

Asubuhi saa kumi na mbili na nusu gari la wagonjwa lilitufikisha. Nesi wetu alikuwa mwanamume wa miaka kama arobaini, mpole, mtu wa Katumba, aliyezaliwa kwenye makazi yale ya wakimbizi na wazazi waliotoka Burundi. Njia nzima alikuwa anamsemesha mama ili asifikirie maumivu. Mama alikuwa anamjibu Kibende pale anapochoka Kiswahili, na yeye anaitikia tu kama anaelewa.

Rubani alikuwa anaizunguka ndege yake. Alishika hiki, akatikisa kile, akakinga mafuta kidogo kwenye kichupa na kuyatazama kwenye mwanga. Alikuwa amefika chini ya bawa la kushoto, ameinama kwenye kile kidole cha chuma, nesi alipomwita.

"Kapteni, njoo tushikilie! Mpira wa dripu unavutika!"

Akaja mbio. Tuliiingiza machela pamoja, mama akauma khanga yake asilie, na tulipomaliza kumfunga mikanda rubani alirudi kule, akachungulia tena, kama kupepesa macho tu, akapanda. Mimi niliwekwa mbele, kiti cha kulia kwake, kwa sababu nyuma palibaki nafasi ya nesi peke yake.

"Usishike kitu," aliniambia, "hata kikikuvutia."

"Sishiki. Lakini naruhusiwa kuuliza?"

"Uliza. Walimu mnauliza hata mkikatazwa."

Mbele yangu palikuwa na saa nyingi za duara. Nikamwuliza moja iliyokuwa na rangi pembeni, kijani, kisha njano, kisha mstari mwekundu.

"Hicho ni kipima mwendo," alisema. "Umewahi kutoa mkono nje ya gari linalokimbia? Hewa inakusukuma. Gari likiongeza, inasukuma zaidi. Sasa kuna kijibomba chini ya bawa, mdomo wake unatazama mbele, hewa inaingia inasukuma. Na ubavuni kuna kitundu kingine kinachopokea hewa iliyotulia tu. Hii saa kazi yake ni kutoa hesabu: hewa inayosukuma, toa hewa iliyotulia. Kinachobaki ndiyo mwendo wetu."

Nilifurahi, lazima niseme ukweli. Hilo lilikuwa somo langu la kidato cha pili, liko mbele yangu kwenye kioo. "Na rangi?" nikauliza.

"Kijani uko salama. Ukivuka mwekundu, ndege inaweza kupasuka mabawa. Ukiwa chini ya kijani, hewa inaacha kukubeba, unaanguka."

"Kwa hiyo mshale huo ndio unaokuambia uko wapi kati ya vifo viwili."

Alicheka. "Mwalimu, mama yako anasikia."

Tulikimbia kwenye njia ya kurukia. Niliutazama ule mshale kwa sababu sasa nilikuwa naujua. Ulibaki pale chini kwa muda, kisha ukaruka ghafla kama mtu aliyeshtuliwa usingizini. Nilimsikia rubani akisema peke yake, "Haya, umeamka." Na ardhi ikatuacha.

Sitasahau jinsi Mpanda ilivyokuwa ndogo. Mabati, reli, barabara ya lami inayokatika. Nesi alikuwa amemwinua mama kichwa kidogo kwa blanketi ili aone dirishani, nami nilimsikia akimwambia, "Kule ni Katumba, mama, kule ni kwetu. Unaona moshi? Yale ni mabani, watu wanakausha tumbaku."

Mama akasema, "Eee."

Nikageuka tena mbele. Mshale ulikuwa umefika mwisho wa kijani. Sikushtuka. Nilidhani ndivyo inavyokuwa. Rubani alikuwa ameukunjia uso. Akavuta usukani taratibu, pua ya ndege ikapanda. Alikuwa anataka kupunguza mwendo, nilielewa hilo: ukipandisha pua, unapungua, kama baiskeli mlimani. Lakini mshale haukupungua. Uliingia kwenye njano. Akapunguza injini kidogo. Mshale ukapanda zaidi. Ulikuwa unakwenda kwenye mstari mwekundu bila haraka, kwa utulivu kabisa, na kila alichofanya kuuzuia kilikuwa kama kinauchochea.

Ulipougusa ule mstari, mimi nilipiga kelele. Mimi ndiye niliyepiga, si nesi, si mama.

"Tunakimbia mno! Punguza! Kapteni, punguza!"

Na papo hapo ukaanza mlio. Ulitoka juu upande wa kushoto, mwembamba, wa kukwaruza, kama filimbi ya plastiki ya mtoto inayopulizwa kwa pumzi ndogo. Usukani wa pili, ulio upande wangu na ambao sikuugusa, ulianza kutetemeka mbele ya magoti yangu. Nikahisi kiti kinakuwa chepesi.

Ndipo nikagundua kwamba palikuwa kimya. Injini ilikuwa inanguruma, ndiyo, lakini ule mvumo wa upepo kwenye mlango, uliokuwa unatupigia tangu tulipoiacha ardhi, ulikuwa umekwisha. Mshale ulisema tunakimbia kupita kiasi. Masikio yangu yalisema tumesimama hewani.

"Nyamaza, mwalimu," alisema rubani, bila kunitazama.

Akasukuma usukani mbele na mkono wa kulia akasukuma injini mpaka mwisho.

Naomba msomaji aelewe nilichokiona. Niliona mshale uko kwenye nyekundu, mahali alipotuambia mabawa yanapasuka, na mtu aliyeshika roho zetu anaielekeza ndege chini na kuongeza nguvu. Nilijua amechanganyikiwa. Nilimshika mkono. Nasema wazi kwa sababu yeye alikuja kuliandika kwenye ripoti na mimi nikalitia sahihi: nilimshika mkono wa kulia kwa mikono yangu miwili, nikauvuta.

Alinipiga na kiwiko. Siyo kwa hasira. Kama unavyosukuma mlango uliokwama.

Dirisha la mbele likajaa miti, miti mitupu, kijani mpaka pembeni. Nesi alisema neno la Kirundi. Kisha ile filimbi ikakatika, na upepo ukarudi mlangoni, kwanza kama mtu anayepuliza chai, halafu ukavuma. Usukani ukatulia. Rubani akavuta taratibu, taratibu sana, na mbingu ikarudi kwenye kioo.

"Nesi," alisema kwa sauti ileile ya Kisukuma, ya taratibu, "una plasta?"

"Ninayo."

"Nipe kipande kikubwa."

Nesi alimpa. Kipande cha kwanza kilijinata chenyewe, akakata kingine. Rubani akaibandika juu ya kipima mwendo, akaifunika yote, rangi na mshale na kila kitu. Palibaki duara jeupe kama jicho la mgonjwa.

"Huyu anasema uongo," alisema. "Sitaki kumsikiliza."

Alizungumza na uwanja kwa redio, akasema anarudi. Nilitegemea sauti ibadilike akiongea na wenzake, haikubadilika. Kisha akanigeukia.

"Mwalimu, umetulia?"

Nilikuwa natazama mikono yangu.

"Nataka unisaidie. Ukitulia, unaweza." Alinionyesha kifaa kidogo kilichobanwa kwenye kioo, chenye tarakimu. "Hiki kinapokea habari kutoka setilaiti. Kinajua tunavyokwenda juu ya ardhi, lakini upepo hakiujui, kwa hiyo nakiamini nusu. Nusu nyingine naiamini injini, na pua ya ndege ilivyokaa. Wewe nisomee hiyo namba. Ikishuka chini ya themanini, sema kwa nguvu. Usishike kitu. Soma tu."

Nikasoma. Mia moja na kumi. Mia moja na tano. Nilisoma kama mtoto wa darasa la kwanza anayesoma ubaoni, na sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine. Tulipita tena juu ya Katumba, juu ya moshi uleule. Nyuma nilimsikia mama akimwuliza nesi kitu, nesi akamjibu kwa upole, "Tunazunguka kidogo, mama."

Tisini na tano. Tisini. Njia ya kutua ilikuwa mbele yetu, nyembamba, ya kijivu. Themanini na nane. Themanini na nane. Themanini na sita. Rubani alikuwa anakuja na mwendo mkubwa kuliko kawaida yake, aliniambia baadaye, kwa sababu afadhali kuimaliza lami kuliko kuikosa. Tuligonga, tukaruka, tukagonga tena, na mama akalia kwa mara ya kwanza tangu avunjike. Magurudumu yalipiga kelele. Tulisimama zikiwa zimebaki hatua chache za lami, mbele yake nyasi.

Rubani alizima injini. Nilisikia chuma kikipoa, ti, ti, ti.

"Tumefika Mwanza?" mama akauliza.

Nesi alimpa dawa ya maumivu, na gari la wagonjwa likaja kumrudisha wodini. Mimi nilishuka, nikatembea hatua tatu, nikatapika kwenye nyasi. Niliporudi rubani alikuwa amepiga magoti chini ya bawa la kushoto, anamulika kile kidole cha chuma kwa tochi ya simu.

"Njoo uone," alisema.

Nilichungulia. Ndani ya tundu ambalo kidole changu kidogo kisingeingia kulikuwa na udongo, uliosukumwa mbali na mdomo. Udongo wa kahawia, laini, kama ule wa vijumba ambavyo nyigu weusi wenye kiuno cha uzi hujenga kwenye fremu za madirisha ya darasa langu. Kila muhula huwa tunavibomoa kwa rula.

"Nyigu," alisema. "Jana jua lilipotoka. Anahitaji mchana mmoja tu. Udongo ulikuwa bado mbichi, kwa hiyo wakati tunakimbia hewa ilipenya kidogo, ndiyo maana mshale ukachelewa halafu ukaamka. Kisha hewa ikausukuma udongo ndani, ukaziba kabisa." Alizima tochi. "Kitu kimoja sikielewi. Nilipotua jana nilikivalisha kifuniko mwenyewe. Nakumbuka. Asubuhi nimekuta hakipo, nikakikuta kwenye mfuko wa mlango. Nikajiambia, labda nilikitoa tulipotaka kuondoka jana, nikasahau kurudisha. Lakini kilikuwa kimekunjwa. Mimi sikunji vitambaa."

Nakumbuka joto la breki likitoka kwenye magurudumu. Nakumbuka kwamba kwa sekunde moja, moja kamili, nilifikiria kunyamaza.

"Ni mimi," nikasema.

Alinitazama.

"Ni mimi niliyekitoa. Jana saa nane. Kimeandikwa kitolewe kabla ya kuruka, na tulikuwa tunaruka. Nilisoma nikafanya."

Alikaa chini. Alikaa palepale kwenye lami na sare yake nyeupe, miguu ameinyoosha, kama mwanamke anayechambua maharage. Mimi nilisubiri anitukane. Nilitaka anitukane.

"Mwalimu," alisema mwishowe, "unajua nani alikuwa anatuua pale juu?"

"Mimi."

"Wewe ulianza. Lakini mimi nilichungulia hilo tundu nikaona giza, na giza ndilo ninaloliona kila siku, nikaondoka. Halafu mshale ulipochelewa niliona. Niliona kabisa. Nilitakiwa kusimama pale, lami ilikuwepo ya kutosha. Nikasema umeamka, nikaondoka nao." Alijipangusa uso. "Miaka ishirini na mbili. Nikasema umeamka."

Fundi alikuja mchana kwa ndege nyingine. Alikifungua kile kijibomba, akakigonga juu ya gazeti. Ulitoka udongo kwanza. Kisha wakatoka buibui. Wadogo, wa kijani na wa kahawia, miguu imekunjwa, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anamwaga ulezi. Nilidhani wamekufa. Fundi alimgusa mmoja kwa ncha ya bisibisi, na mguu ukatikisika.

"Hawajafa," alisema. "Nyigu anawachoma sindano walale, wawe chakula kibichi cha mtoto wake. Ona." Akatuonyesha yai jeupe, dogo kuliko punje ya mchele, limelala juu ya tumbo la buibui mmoja.

Watu wanne tulikuwa nusura tuanguke kwenye msitu wa Katavi kwa ajili ya kitanda cha kulelea mtoto wa mdudu. Nimeandika sentensi hii mara nyingi na bado haijakubali kuingia kichwani mwangu.

Kilichofuata, wakati tunangoja kivulini, kilinishtua kuliko nyigu. Nilimwuliza rubani kwa nini mshale ulipanda badala ya kufa tu. Alianza kunieleza, na kabla hajamaliza nikaelewa, na nilitamani nisingeelewa. Kila likizo nikitoka Mwese mlimani kwenda Kapalamsenga kwa shangazi yangu ziwani, chupa tupu ya maji niliyoifunga kule juu hubonyea yenyewe kwenye begi. Ya kule chini, nikiifunga na kupanda nayo, hujaa kifua. Ile hewa haiongezeki, ni hewa ya nje inayopungua nguvu kadiri unavyopanda. Kijibomba chetu kilikuwa chupa iliyofungwa uwanjani. Tulipopanda, kile kitundu cha ubavuni kilipokea hewa nyepesi zaidi na zaidi, hesabu ya kutoa ikatoa jibu kubwa zaidi na zaidi, na saa ikasema tunakimbia. Haikuwa inapima mwendo tena. Ilikuwa inapima kimo, na kukiita mwendo. Kila rubani alipopandisha pua ili apunguze, tulipanda, na mshale ukaongezeka, huku mwendo wa kweli ukiisha mpaka ile filimbi, ambayo ni onyo kwamba hewa inaacha kuibeba ndege, ikalia.

Hii ni mada yangu. Nimeichora ubaoni mara kumi na sita. Na ilipokuja mbele ya uso wangu, na roho ya mama yangu nyuma yangu, niliamini mshale kuliko masikio, nikapiga kelele kwamba tupunguze, nikauvuta mkono wa mtu pekee aliyekuwa anatuokoa.

"Ulijuaje?" nilimwuliza.

"Sikujua," alisema. "Kwa muda niliufuata mshale kama wewe. Halafu nikasikia kimya."

Ile ndege iliyomleta fundi ndiyo iliyotupeleka Mwanza, saa kumi jioni, na rubani mwingine. Nilikataa kupanda. Nesi alinishika bega akasema, "Mwalimu, mimi nina watoto watano Katumba na ninapanda. Twende." Nilipanda. Nilikaa nyuma, sakafuni karibu na machela, nimeshika mguu mzima wa mama, na sikutazama mbele hata mara moja. Nilisikiliza upepo mlangoni mpaka tulipotua. Bado nausikiliza. Hata kwenye basi, dereva akipunguza ghafla, mwili wangu unakauka.

Operesheni ilikwenda vizuri. Mama aliwekewa chuma, na baada ya wiki alikuwa anasimama kwa kushikilia kitanda. Ripoti iliandikwa. Rubani alisimamishwa kwa muda, kisha akarudi kazini. Aliniletea ujumbe mfupi wa kunijulisha, na mwisho wake akaandika kwamba siku hizi anachungulia tundu kwa tochi hata kifuniko kikiwa kimevaliwa usiku kucha. Maelezo yangu niliyaandika kwa mkono, kurasa mbili, bila kuficha. Hakuna aliyenishtaki. Nilishangaa, na kwa namna fulani sikuridhika.

Siku ya tatu baada ya operesheni nilimkuta mama amekaa kitandani, wodi nzima inamsikiliza. Alikuwa anawasimulia wagonjwa wenzake habari za ndege, kwa Kiswahili chake cha Mwese, mikono ikiruka.

"Nyie, msiogope kupanda," alikuwa anasema. "Wale watu ni wema. Mimi yule baba alinizungusha. Nikaona Katumba mara mbili! Halafu akanirudisha nyumbani nipumzike, jioni ndiyo tukaja huku."

"Ulilipia mara mbili?" mwanamke mmoja aliuliza.

"Hapana! Bure kabisa. Muulizeni mwanangu huyu, alikaa mbele."

Wakanigeukia wote. Mama alikuwa ananitazama kwa furaha, uso wake umenawiri kama ambavyo sikuuona tangu baba afariki. Nilifungua mdomo. Nilijua kila kitu cha kusema: udongo, mshale, mkono nilioushika.

"Ni kweli," nikasema. "Katumba tuliiona mara mbili."

Kisha nikatoka, nikashuka ngazi, nikakaa kwenye benchi la wanaosubiri dawa, na ndipo nilipolia.